Kuchonga maboga na watoto huku Illinois

Kila ikifika mwezi wa tisa mwishoni naanza kupokea meseji za akina mama wenzangu waliohamia Marekani karibuni, mtoto karudi na karatasi ya shule inasema aje na boga la Halloween, ule usiku wa Oktoba 31 watoto huku wanapovaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, sasa mmoja anauliza ni boga la kula au la kuchezea, mwingine anauliza kama ni dhambi, mwingine anataka tu kujua kisu gani kinapita maana lile ganda ni gumu kwelikweli. Mimi naishi Moline, Illinois, pembeni ya mto Mississippi, nimelelewa Lushoto, watoto wangu watatu wamekulia huku, kwa hiyo haya maboga tumeyachonga sana. Na nilichokuja kukiamini ni hiki: huku boga watu wanalitazama, kwetu tunalila, na mimi nataka watoto wangu wapate yote mawili. Ntaeleza tunavyofanya nyumbani, mwenye kuokota kitu aokote.

Kwanza mjue tunakaa wapi. Illinois ndio jimbo linalolima maboga mengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Kuna mji mdogo unaitwa Morton, kutoka kwetu ni kama saa moja na nusu kwa gari, wenyewe wanauita makao makuu ya maboga duniani, kiwanda cha Libby's cha boga la kopo kipo hapo na kila Septemba wanafanya tamasha la maboga mji mzima. Sasa boga linaloingia kwenye lile kopo sio lile la rangi ya chungwa mnaloliona kwenye picha za Halloween. Linaitwa Dickinson, lina rangi ya kahawia hafifu, refurefu kidogo, siku nimeliona shambani nikasimama, maana lilikuwa kama ya sokoni Lushoto tu. Na kweli ni ukoo mmoja na mengi tunayolima kwetu, wataalamu wanauita Cucurbita moschata. La kuchonga ni ukoo mwingine, Cucurbita pepo, na lililo maarufu zaidi linaitwa Howden, kwa jina la John Howden, mkulima wa Massachusetts aliyelikuza miaka ya 1960 akitafuta boga lenye umbo zuri na kikonyo kinene. Alitafuta sura na akaipata. Ndio maana mama anayetoka nyumbani akinunua lile kubwa la chungwa akalitia sufuriani anaona linatoa maji tu, nyuzi nyingi, utamu hakuna. Halina tatizo lolote, kazi yake ni nyingine.

Kwa hiyo sisi tunanunua aina mbili. Makubwa ya kuchonga, na madogo ya duara wanayoyaita ya pai, hayo ni matamu, nyama imeshikana, yanakubali nazi.

Kununua tunaenda shamba, hatununui dukani, maana shamba lenyewe ni nusu ya raha. Unapanda tela linalovutwa na trekta, mnakaa kwenye marobota ya majani makavu, mnashushwa katikati ya maboga yenyewe, mnachagua, mnapima kwa paundi mnalipa. Watoto nawafundisha kuchagua kama mama yangu alivyonifundisha mimi: kandamiza kwa kidole gumba, likibonyea liache, pindua uangalie kitako kama hakijaanza kulainika, kikonyo kiwe bado kina ukijani, na usilibebe kwa kikonyo hata siku moja kwa sababu kikikatika hapo boga linaanza kuoza kuanzia juu. Wa kati, binti, yeye huchagua lililopinda. Anasema lililolala upande mmoja tayari lina sura, yeye anamalizia tu. Simkatazi, na mara nyingi la kwake ndio majirani wanaliulizia.

Shambani hapo ndio nilimuuliza mzee mwenye shamba kuhusu majani. Oktoba majani ya maboga huku yameshakwisha, yana unga mweupe wa ukungu juu yake, hayafai, lakini nikamweleza kwamba kwetu mboga ya majani ya maboga ni chakula cha kila siku, unachuma machanga yale ya ncha, unamenya nyuzi za kwenye shina, unakatakata unapika kwa karanga au tui. Yule mzee amelima maboga maisha yake yote na hajawahi kula jani lake. Akaniambia njoo Julai. Nikaenda Julai na watoto, tukachuma tukajaza mifuko, yeye mwenyewe anatuelekeza machipukizi gani tukate bila kuumiza mmea, na mkubwa wangu ndio alikuwa anamtafsiria vile inavyopikwa maana mimi nikianza habari ya mapishi nasahau Kiingereza naingia Kiswahili. Watoto wangu walijua kumenya nyuzi za majani ya maboga pale, Illinois, wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Nilifurahi siku ile jamani, siwezi kueleza.

Haya, tuje kwenye kuchonga kwenyewe, yaani boga unalitoa utumbo, unalitoboa sura, halafu unaweka taa ndani.

Tunachonga siku mbili tatu kabla ya tarehe 31 Oktoba, isiwe mapema zaidi, maana boga likishatobolewa linaanza kunywea na kuota ukungu, kukiwa na joto hata wiki halimalizi. Meza tunaitandika magazeti, mikono ya mashati inapandishwa, kila mtu na boga lake na bakuli lake. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kimarekani ambaye wanangu wanamwita bibi kabisa, ndiye aliyenionyesha kukata kitakoni badala ya juu. Watu wengi wanakata kifuniko juu kwenye kikonyo, sasa kifuniko kinakauka kinasinyaa kinatumbukia ndani. Ukikata chini, juu panabaki pazima, taa unaiweka mezani au sakafuni halafu boga unaliteremsha juu yake. Hii ni kwa taa za betri lakini, ukiwasha mshumaa wenyewe lazima uwe na tundu juu moshi na joto vitoke. Sisi tunatumia za betri tu, watoto wanapita na nguo za kupeperuka, moto wa nini. Na ukipenda kukata juu basi laza kisu, mkato uingie kwa mshazari kuelekea ndani, hapo kifuniko kinakaa hakitumbukii.

Mkato wa kwanza nakata mimi, kisu kikubwa, hapo mtoto hasogei. Baada ya hapo kisu cha jikoni kinarudi kabatini na hakitoki tena. Kuna misumeno midogo wanauza kwenye paketi, ina mpini wa plastiki na meno membamba, inaonekana kama mchezo lakini inakata vizuri na haitelezi kama kisu, maana ajali nyingi za maboga ni kisu kimekwama, mtu kakivuta kwa nguvu kikachomoka. Sheria yetu moja tu na wanaijua kwa moyo, mkono usioshika msumeno haukai kwenye njia ya msumeno, na hauingii ndani ya boga wakati mwenzio anakata. Mdogo yeye hakati bado. Kazi yake ni utumbo, anatia mikono yote miwili anavuta zile nyuzinyuzi na mbegu zake anacheka peke yake, na kazi hiyo hamna anayemnyang'anya.

Kitu ambacho nadhani wengi wanakiruka ni kukwangua. Ukuta wa boga upande unaotaka kuchonga sura ukwanguliwe mpaka ubaki kama sentimita mbili na nusu hivi, kwa kijiko kikubwa cha chuma, cha kupakulia. Ukiwa mnene msumeno unagoma na mwanga haupiti vizuri, ukiwa mwembamba sana sura inalegea kesho yake. Kisha chora kwanza kwa maka peni, rudi nyuma hatua mbili uangalie, ndio ukate. Anza na vitu vidogo vya katikati, macho, pua, mdomo uwe wa mwisho kwa sababu ukishatoa kipande kikubwa ukuta wote unakuwa dhaifu. Kipande kikishazungushwa usikivute kwa nje, kisukume kwa kidole kutoka ndani.

Na kukwangua kunachukua muda. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukitegemea kwenye boga. Mkubwa wangu ni kijana sasa, ameingia umri ule wa kujibu neno moja, ukimuuliza shule ikoje anasema fresh, ukimuuliza umekula anasema ndio, basi. Lakini mweke mbele ya boga, mpe kijiko, usimtazame usoni, wewe kwangua lako na yeye akwangue lake, baada ya muda anaanza kuongea mwenyewe. Mwaka jana alikuwa anakwangua, krr krr, ghafla akasema mama, darasani kuna mwalimu huwa anaruka jina langu akiita, ananinyooshea kidole tu. Nikaendelea kukwangua. Nikamuuliza na wewe unafanyaje. Akasema nanyoosha mkono. Kimya, krr krr, akasema ila nataka aliseme. Tukaongea pale mpaka boga lake likawa jembamba kama karatasi, na wiki iliyofuata mimi na baba yake tukaenda shule tukakaa na yule mwalimu, likasemwa vizuri na likaisha. Ningemkalisha sebuleni nimwambie haya mwanangu niambie shida zako, asingesema. Mikono ikiwa na kazi na macho yako kwenye kazi, mtoto anapata nafasi. Nyumbani tulikuwa nayo hiyo, kuchambua mchele, kumenya maharage mabichi, kupukuchua mahindi, ndivyo tulivyowaambia mama zetu mambo. Huku mchele unakuja umeshachambuliwa. Kwa hiyo mimi boga nalishukuru kwa hilo kuliko hata taa.

Suala la dini sitalikwepa maana ndilo linaloulizwa sana. Sisi ni Walutheri, na tarehe 31 Oktoba kwetu ni kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa, Luther na hoja zake za Wittenberg mwaka 1517, kwa hiyo watoto wanajua ile tarehe ina mambo mengi. Wanajua pia kesho yake, Novemba 1, ni Watakatifu Wote. Mimi na baba yao tulikaa tukaamua: damu za bandia, mafuvu na mavazi ya mashetani kwetu haviingii, boga linaingia. Kila mtoto anachonga kitu anachokipenda. Mdogo ni paka kila mwaka. Mkubwa aliwahi kuchonga mlima Kilimanjaro, akaacha ganda la juu bila kulitoboa, akalikwangua tu nje kidogo ili mwanga upite hafifu iwe theluji, ile kazi baba yao aliipiga picha akaituma ukoo mzima. Nina rafiki yangu Mzanzibari, wao usiku ule hawatoki na hawafungui mlango, na hilo namheshimu kabisa na sitaki mtu amsumbue, lakini katikati ya Oktoba anakuja na wanawe tunachonga samaki na maua na tunakula boga la nazi pamoja. Kila nyumba ipange yake. Ninachoomba tu mzazi aamue akijua, asiamue kwa kuogopa majirani, na mtoto aelezwe sababu, maana darasani ataulizwa.

Kuhusu asili yake watoto waliniuliza nikawatafutia, na ninawahadithia tukiwa mezani, naanza hadithi hadithi, wanaitikia hadithi njoo. Mambo haya yalitoka Ireland. Huko zamani walichonga tanipu, ule mzizi wa duara, wakaweka kaa la moto ndani, na mpaka leo makumbusho ya Castlebar yanaonyesha mfano wa taa moja ya tanipu, sura yake inatisha kuliko boga lolote nililowahi kuliona. Wana hadithi ya mtu anaitwa Jack, mjanja, mlevi, bahili, alimdanganya shetani mpaka akamfunga kwa ahadi kwamba hatamchukua. Jack alipokufa peponi hakupokelewa, na kuzimu nako shetani akasema niliahidi sikuchukui, akamrushia kaa la moto, Jack akalitia kwenye tanipu akawa anatembea nalo gizani hana pa kwenda. Wairishi walipohamia Marekani kwa wingi, hasa baada ya ile njaa iliyoanza mwaka 1845, wakakuta huku kuna maboga, makubwa, laini kuchonga kuliko tanipu. Binti yangu akauliza, kwa hiyo na wao walikuwa wageni? Ndio mama, walikuwa wageni, walikuja na desturi yao wakaifanyia kazi kwa mazao waliyoyakuta. Akafikiri. Akasema na boga nalo lilikuja kwetu kwa meli? Nikamwambia ndio, asili ya maboga yote haya ni bara hili la Amerika, yakavuka bahari yakafika Afrika, bibi yako akayapanda Lushoto.

Bibi mwenyewe tunampigia video tukiwa tunachonga, kule ni usiku yeye hajalala anatusubiri. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, wajukuu wazima? Wazima. Wanamwonyesha mmoja mmoja, anasifia, paka huyu mzuri, mlima huu mzuri, kisha swali lake ni lilelile: na nyama yake mmeipeleka wapi? Namwonyesha madogo yaliyo jikoni hapo anatulia. Halafu ndio anasimamia mapishi kutoka Tanga, punguza maji, boga lina maji yake, chumvi kidogo, funika, likishaiva ndio utie tui zito na sukari na iliki, usikoroge utalivuruga, tikisa sufuria. Tui huku ni la kopo na linafaa. Ganda la yale madogo tunaliacha, linaiva. Jirani yetu mwingine ni mama wa Uvira, hapa Moline na Rock Island Wakongo ni wengi, yeye anapika boga pamoja na maharage sufuria moja, vipande vikubwa juu maharage chini, watoto wangu sasa wanaidai hiyo nyumbani kama vile mimi ndiye niliyezaliwa nayo.

Mbegu hatutupi hata moja. Hata zile za maboga ya kuchonga zinaliwa vizuri, mdogo ndiye anazitenga na utumbo kwenye bakuli la maji, zinaelea zenyewe. Nazichemsha dakika kumi kwenye maji ya chumvi, nazikausha kwa taulo, nazitandaza kwenye trei na mafuta kidogo, oveni nyuzi 175 za Selsiasi, kama dakika ishirini nikizigeuzageuza mpaka zianze kulia. Pilipili na ndimu mwishoni. Wenzao shuleni wanazigombania.

Usiku wenyewe sina mengi ya kusema. Taa ya barazani ikiwaka maana yake karibuni, ikizimwa watoto wanapita, na hilo mfundishe mtoto mapema asigonge nyumba yenye giza. Vaeni makoti, mwisho wa Oktoba hapa ni baridi kali, vazi liwe kubwa koti liingie ndani yake. Na mkiona boga lililopakwa rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani ujue nyumba hiyo inagawa vitu visivyo vya kula, vitabu vidogo, stika, kwa ajili ya watoto wenye mzio, huo mpango ulienea nchi nzima kuanzia mwaka 2014. Sisi tunaweka moja pembeni. Mtoto wa jirani karanga zinamdhuru vibaya, na ile nafasi ya yeye kugonga mlango akapokea kitu bila mama yake kukikagua, mimi naiona ni kubwa.

Yakiisha, yakianza kuinama na kindi wameshatafuna mdomo, hatuyatii kwenye pipa la taka. Kwenye jalala boga linaozea chini bila hewa linatoa gesi mbaya, na shamba lile lile tulilonunua wanafuga nguruwe na wanayapokea. Ndio sababu sisi hatuyaloweshi kwenye maji ya jiki kama wengine wanavyofanya ili yakae muda mrefu, tunapaka mafuta ya mgando kwenye mikato basi, na kabla ya kuyapeleka tunayamenya hapo kwa kijiko. Lile lililopakwa rangi tunalibakiza kando, nguruwe hawapewi. Mengine tunayakatakata tunafukia bustanini yawe mboji. Na mbegu kidogo za yale ya pai nimezikausha bila kuzichemsha, ziko kwenye bahasha juu ya friji, tutazipanda mwezi wa sita mwanzoni. Mwenye kuishi karibu na hapa na hana bustani aje Julai achume majani, aje na watoto, ndoo za kukalia zipo.